Mkebe wa Wambea

Mwanamke awezaye kuegemeza sikio kwenye kipembe cha mbao juu ya tumbo la mja mzito, katika wodi yenye vilio na makelele ya ndoo, akayahesabu mapigo ya moyo wa mtoto ambaye bado hajazaliwa bila kukosea hata moja, inawezekanaje asizisikie breki za gari lake mwenyewe zikimwonya kwa wiki kadhaa kwamba zinakwisha? Swali hilo lilimkwama Injinia kooni asubuhi ile mithili ya mwiba wa samaki. Hakuweza kulimeza wala kulitema.

Mkunga mwenyewe hakuwa na shaka hata chembe. Alikuwa amesimama kwenye lango la gereji, sare yake nyeupe imenyooka kwa pasi, akiyakwepa madimbwi ya mafuta machafu kama mtu avukaye zizi kwa viatu vya harusi.

"Shikamoo, mama," Injinia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu sikiliza. Jana jioni gari hili lilikuwa kimya kama maji mtungini. Leo asubuhi nashuka mlima wa hospitali, nakanyaga breki, krrrr! Kama mtu anatafuna kokoto. Wala halikuanza kidogo kidogo. Jana kimya, leo krrrr."

"Mama Mkunga, si useme tu redio ilikuwa juu," alidakia Koleo, fundi mkuu, kutoka chini ya gari jingine. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Redio yangu iliibwa mwaka juzi, baba. Kama unamjua aliyeichukua, mwambie aje achukue na waya zake, amezisahau."

Mafundi wawili waliokuwa wakinywa chai kwenye benchi waliangua kicheko, na miguu ya Koleo ikarudi ndani taratibu kama kobe aliyeguswa.

Jina la Injinia alipewa na Koleo huyo huyo, na hakupewa kwa heshima. Likizo ya mwaka uliopita, alipokuja kwa mara ya kwanza kujifunza kazi katika gereji ya mjomba wake, alifika na koti jeupe, kalamu tatu mfukoni na daftari alilolipigia mistari kwa rula. Alikuwa akisomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu. Aliweza kuandika ubaoni mlinganyo wa msuguano kwa mkono mmoja, lakini alikuwa hajawahi kuishika pedi ya breki. Safari hii alikuwa mwaka wa mwisho, na mafunzo yalikuwa rasmi: wiki nane, na fomu ambayo Mjomba alitakiwa kuitia sahihi ili chuo kimhesabie.

Mjomba alimpenda, na yeye alimpenda Mjomba. Ndiye aliyemwambia mama yake, miaka ile watu waliposhangaa binti kufungua pasi na saa za ukutani, kwamba mtoto akipenda vyuma asinyimwe vyuma. Mji mzima ulimjua kwa sifa moja, nayo aliiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele, herufi zenye kimo cha mtoto wa miaka miwili: KWETU BREKI HAZILII.

"Mwacheni mpwa wangu apime," Mjomba alisema, akitokea ofisini huku akifuta mdomo. "Kanuni unaijua?"

"Kwanza sikio, kisha pua, spana mwisho."

"Haya. Onyesha."

Injinia aliliwasha gari, akalizungusha uani. Aliliacha litembee bila kukanyaga breki: kimya. Basi si beringi, maana beringi iliyokufa hunguruma muda wote gurudumu linapozunguka. Aliukata usukani kushoto, akaukata kulia: kimya vilevile. Wala si kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi, kwa kuwa kijiwe hakingoji mtu akanyage pedali ndipo kikwaruze. Kisha akakanyaga. Sauti ilitoka gurudumu la mbele la kulia, ikamwingia unyayoni, ikapanda gotini na kutua kwenye magego. Ilikuwa sauti ya chuma kinachokula chuma.

Alilitia gari jeki, akalegeza nati, akaling'oa gurudumu. Harufu ilimpokea kabla ya kitu kingine chochote: nywele zilizoungua, kutu, na grisi iliyochacha. Mpira uliofunika pini ya kutelezea ulikuwa umepasuka, na kutoka kwenye ufa wake ulichuruzika uji mweusi, mzito, kama usaha wa jipu. Pini ilikuwa imeganda ndani ya uchafu huo, hata pedi ya ndani ikasugua peke yake kila breki ilipokanyagwa. Alinyoosha mkono kuomba kitambaa, akapewa tambara lililokuwa chafu kuliko alichotaka kukifuta.

Alipoitoa pedi ya ndani, hakukuwa na pedi. Lile tabaka gumu linalosugua diski na kulisimamisha gari lilikuwa limekwisha lote. Lilibaki bamba tupu la chuma, linang'aa kama mfupa uliolambwa. Nayo diski ilikuwa imechimbwa matuta, moja ndani ya jingine, kama shamba lililolimwa na mlevi.

Mkunga aliinama kutazama, mikono nyuma, kama alivyozoea kuwatazama wagonjwa wa wenzake.

"Na mimi nimepandisha akina mama wangapi mlimani kwa hiki," alisema polepole.

"Mama yangu," Mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama sabuni, "usijilaumu. Pedi hazifi ghafla. Pedi ikikaribia kwisha hupiga kelele nyembamba, wiwiwi, wiki tatu, wiki nne, inakuita uje. Yako imekuita. Ni kwamba hukusikia. Umri nao, mama, haugongi hodi."

Mkono wa Mkunga ulipanda wenyewe hadi sikioni, ukaliminya, ukaliachia.

"Wiki nne?"

"Au zaidi."

"Na mimi sikusikia." Alitazama uani, ambako kuku mmoja alikuwa akidonoa kipande cha mpira. "Leo jioni nina mama wa mapacha. Mmoja amekaa vibaya, moyo wake mdogo namtafuta kila saa. Kama sikio limenitoka bila kuniaga, basi mtoto wa watu atanyamaza na mimi nitasema anaendelea vizuri." Alivuta pumzi. "Bora nimwambie matroni leo hii. Niache kazi nikingali na jina."

"Si lazima ufike huko," Mjomba alisema, lakini hakusema zaidi. "Koleo! Mfungie mama pedi mpya, aondoke. Diski itajisawazisha yenyewe."

Injinia aliinua kichwa. Muhula uliopita tu, katika somo la usalama wa magari, mhadhiri alikuwa amewapitishia pedi darasani, mkono kwa mkono, akawaonyesha kibati chembamba kilichopinda pembeni mwa bamba, kidogo kama ukucha. Kazi yake ni moja: tabaka la kusugulia likibaki milimita chache, kibati hugusa diski na kupiga mluzi, hata kiziwi aulize kuna nini. Aliigeuza pedi ya Mkunga. Mahali pa kibati palikuwa na kisiki kifupi. Hakikuvunjika, kwa sababu chuma kilichovunjika huwa na meno. Hiki kilikuwa kimekatwa.

Kabla hajasema neno, Koleo alikuja na boksi la pedi mpya, akalipasua kwa kidole gumba. Kila pedi ya ndani ilikuwa na kibati chake, kinameta. Koleo alichomoa mfukoni ile plaizi iliyompa jina, na bila hata kutazama, kama mtu akataye kucha huku akipiga soga, tak! tak! Vibati viwili viliruka na kutua ndani ya mkebe wa maziwa ya watoto uliokuwa chini ya meza.

"Unafanya nini?"

"Nakata wambea."

"Wambea?"

"Si ndio kazi yao, Injinia? Umbea. Gari halijafika miezi sita, wanaanza kumwambia mwenye gari mambo ya ndani. Mteja anarudi amevimba: fundi, breki zako zinalia. Mwishowe ule ukuta unatutukana." Alicheka, akatema mate pembeni. Mate yalitua ukingoni mwa mkebe.

Injinia aliuvuta mkebe kwa ncha ya kiatu. Juu ya karatasi iliyochakaa, mtoto mnene alikuwa angali anatabasamu. Ndani kulikuwa na mamia ya vibati, vingine vimeota kutu, vingine vimelowa grisi, vimechanganyika na vijiti vya meno, vizibo vya chupa na mbu waliozama. Ilikuwa kama mkebe wa meno yaliyong'olewa midomoni mwa watu waliokuwa wamelala.

"Magari yote haya?"

"Yote yaliyopita hapa."

"Hata la Mjomba?"

"Lile? Thubutu!" Koleo alisema kwa fahari ya mtu anayejua siri za mkubwa. "La bosi haliguswi. Bosi anashuka mlima kila siku na watoto wake nyuma. Yeye anataka kusikia."

Hilo la mwisho lilimwingia Injinia kama donge la mafuta baridi. Ujinga ungeweza kusamehewa. Ujinga hauchagui gari. Alitazama tena kile kisiki cha pedi ya Mkunga, akitafuta pa kuituliza hasira yake, akapitisha kidole ukingoni. Kilikuwa laini. Laini mno. Akachukua moja ya pedi ambazo Koleo alikuwa amezikata sasa hivi: ukingo wake ulikuwa na kucha kali, ukamchanja. Koleo alikata akatupa. Hakuwa mtu wa kupiga tupa ili kulainisha chuma.

Palikuwa na mtu mmoja tu katika gereji hii aliyewahi kukata wambea kisha akazipiga tupa kingo zao, moja baada ya nyingine, ili kazi ipendeze. Ilikuwa likizo ile ya kwanza, siku ya tatu. Koleo alimpa plaizi na boksi, akamwambia, "Injinia, kata hivi vimkia, vinasumbua." Hakuuliza vimkia ni vya nini. Yeye aliyeuliza maswali hadi wahadhiri wakamkwepa kwenye ngazi, siku ile hakuuliza, kwa kuwa alitaka wamwone anaweza kushika plaizi. Alikata mchana kutwa. Jioni alinawa kwa petroli na unga wa mbao, akaandika daftarini kwa mwandiko mzuri: *Nimeandaa pedi za mbele, jozi kumi na moja*, na chini yake majina na simu za wenye magari.

Aliitazama mikono yake. Weusi ulikuwa umejipenyeza chini ya kucha na kwenye mistari ya viganja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii hakuuonea fahari. Alitamani kuivua ile mikono kama glavu.

Alimfuata Mjomba ofisini. Kilikuwa chumba chembamba chenye kalenda ya mwaka uliokwisha na kikombe cha chai kilichofanya utando, juu yake nzi anatembea bila haraka. Aliweka pedi mezani.

"Mjomba, mbona hukumwambia ukweli?"

Mjomba aliitazama pedi, akaitazama na sura ya mpwa wake, akaona hakuna haja ya kuzunguka mbuyu.

"Funga mlango."

"Acha uwe wazi."

"Sikiliza, mwanangu. Zamani sikukata. Nikafunga pedi nzuri, za halali, baada ya miezi minane mtu ananipigia honi langoni, wateja wamejaa: fundi, umenifungia takataka, zinalia! Namweleza ni onyo. Nani anasikia? Mtu hataki gari linaloonya, anataka gari linalonyamaza. Nikaona basi. Nikawa nawaambia waje kila baada ya miezi mitatu, niangalie kwa jicho langu. Jicho langu halijawahi kukosea."

"Wanakuja?"

Mjomba alijikuna shingo. "Mtu asiyeumwa haendi hospitali."

"Na wewe ndiye unayewaondolea maumivu ukawaachia ugonjwa."

"Ah! Hayo maneno ya chuo."

"Na gari lako, Mjomba? Nalo linanyamaza?"

Nzi alitoka kwenye chai, akatua kwenye ukingo wa kikombe. Mjomba alivuta droo, akatoa fomu ya chuo, akaikunjua, akailainisha kwa kiganja. Kiganja kiliacha alama ya kijivu juu ya jina la Injinia.

"Nilikuwa nangoja wiki ya nane," alisema. "Lakini umefanya kazi nzuri. Ngoja niimalize leo." Alichukua kalamu. "Ya nyumbani hubaki nyumbani. Yule mama ni mtu mzima, angestaafu tu hata kama si mwaka huu. Akipumzika, kuna ubaya gani? Wewe una maisha mbele yako. Usiivue nguo familia yako mbele ya watu."

Injinia alimtazama mzee huyu aliyemfundisha kushika bisibisi, na kwa kitambo hakumwona usoni. Aliona tu kalamu, vidole vinene vilivyoishika, na ule utando wa chai. Alimwonea kinyaa. Kisha akajionea kinyaa yeye mwenyewe, kwa sababu ndani yake, mahali fulani chini kabisa, sauti ndogo ilikuwa imesema: *mwache atie sahihi kwanza, ndipo useme.* Sauti hiyo ilikuwa na ladha ya grisi.

Aliweka kiganja juu ya fomu.

"Usitie."

Kwenye ndoano nyuma ya mlango, funguo za gari la Mjomba zilikuwa zinaning'inia. Akazitwaa. Alipitia kabati lake, akatoa daftari la likizo ile ya kwanza, akauchukua mkebe chini ya meza pamoja na mate ya Koleo, akatoka navyo uani. Mkunga alikuwa ameketi kwenye benchi, simu mkononi, akitafuta namba ya matroni. Kidole chake kilikuwa kinasita juu ya kioo. Mafundi wawili waliacha chai. Koleo alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu, pedi zilizokatwa mkononi. Mjomba alikuja hadi mlangoni mwa ofisi akasimama hapo, kalamu ingali mkononi.

"Mama, usipige," Injinia alisema.

"Mwanangu, ni afadhali sasa kuliko..."

"Usipige. Shika hii." Alimpa pedi, akakiongoza kidole chake hadi kwenye kisiki. "Hapa palikuwa na kibati cha kukuonya. Breki zako hazikulia, mama. Hazikuwa na cha kulilia. Kilikatwa kabla pedi haijafungwa, na aliyekikata ni mimi."

Akaumimina mkebe juu ya sakafu. Vibati vilimwagika vikilialia, vikasambaa hadi kwenye viatu vyeupe vya Mkunga. Hakuna aliyecheka. Mkunga aliinama, akaokota kimoja, akakishika kwa ncha za vidole mbali na sare yake, kama mtu aliyeokota kitu kwenye sahani ya chakula chake.

"Vyote hivi ni vya watu?" aliuliza.

"Vyote."

"Na wewe ulikaa pale," Mkunga alimgeukia Mjomba, taratibu, bila kupandisha sauti, "ukanitazama nikilishika sikio langu."

Mjomba aliisukuma kalamu mfukoni.

"Injinia, utatuharibia," Koleo alinong'ona. "Mjomba wako huyo. Damu yako."

"Najua ni nani," alijibu. "Sikilizeni wote, nisije nikaambiwa nilisema pembeni. Gari la Mama Mkunga halitoki hapa leo. Litatoka likipata diski mpya, pini mpya na pedi zenye vibati vyao, na nitazifunga mwenyewe. Leo jioni, mama, utakwenda kwa mapacha wako kwa gari la Mjomba, funguo hizi hapa, lile halikukatwa. Daftarini nina majina na simu za watu kumi niliowakatia mbali na wewe. Nitawapigia sasa hivi, mmoja baada ya mwingine, niwaambie jina langu, nilichofanya, na kwamba wasishuke mlima kabla breki zao hazijafunguliwa. Wale wengine wanajulikana na Mjomba. Asipowaita kufikia kesho saa nne, nitaandika mimi pale ukutani, chini ya maneno yake, kwa nini hazilii. Na fomu yangu naipeleka chuoni bila sahihi."